Mgeni Asiyepewa Jembe: Uhakiki wa Taarifa ya Shirika la Afya Duniani Juu ya Upweke, kwa Kuwaangalia Wazee wa Sharika Zetu

Utangulizi

Tarehe 30 Juni 2025 Tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilitoa taarifa yake, ambayo jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa "Kutoka Upweke hadi Mahusiano ya Kijamii". Tume hiyo iliongozwa kwa pamoja na Daktari Vivek Murthy, aliyepata kuwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, na Bibi Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika. Mwezi mmoja kabla yake, Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuwa umepitisha azimio lake la kwanza juu ya jambo hilo hilo. Hivyo upweke, ambao kwa karne nyingi ulikuwa jambo la wachungaji na la wajane wenyewe, sasa umeingia katika orodha ya mambo ambayo serikali zinatakiwa kuyatolea hesabu.

Makala haya yanakusudia kuihakiki taarifa hiyo kwa jicho la theolojia, na hasa katika yale yawahusuyo wazee. Msomaji asidhani kwamba kuhakiki ni kutafuta makosa tu. Taarifa hiyo ina mambo ambayo kanisa linapaswa kuyasikia kwa unyenyekevu, na mojawapo linatuaibisha. Lakini pia ina upungufu, na kwa bahati mbaya upungufu huo ndio ule ule ulio katika huduma yetu kwa wazee. Kwa sababu hiyo, kuihakiki taarifa hii ni kujihakiki sisi wenyewe.

Hoja yetu ni fupi. Mzee haponywi upweke wake kwa kutembelewa na kusaidiwa tu. Huponywa anapokuwa mtu anayehitajiwa na wenzake. Huduma inayompa kila kitu bila kumwomba chochote yaweza kumlisha, kumvika na kumtibu, na bado ikamwacha mpweke.

Yale ambayo taarifa inayasema

Taarifa inatofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi sisi huyachanganya. La kwanza ni kutengwa, yaani hali ya mtu kuwa na watu wachache mno wa kuhusiana nao. Hali hiyo yaweza kuhesabiwa kwa macho: nani anaishi naye, nani humjia, mara ngapi. La pili ni upweke wenyewe, yaani maumivu ya moyo yanayotokana na tofauti kati ya mahusiano ambayo mtu anayatamani na yale aliyo nayo. Mtu aweza kutengwa asijisikie mpweke, na aweza kuzungukwa na watu akawa mpweke kabisa.

Baada ya hapo taarifa inatoa hesabu. Inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke ulihusiana na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka kati ya 2014 na 2019, yaani vifo kama 100 kila saa. Inasema kuwa hadi mzee 1 kati ya 3 ametengwa na jamii. Inasema pia kwamba vijana wa miaka 13 hadi 29 wanaojisikia wapweke ni kati ya asilimia 17 na 21, jambo ambalo litatufaa huko mbele. Njia ambazo upweke hupita hadi kuudhuru mwili zinaelezwa: maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari, sonona, na kupungua kwa akili.

Hesabu hizi hazikuzuka ghafula. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu 308,849, wakaona kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 50 wa kuendelea kuishi katika muda wa tafiti hizo, kuliko wale ambao mahusiano yao yalikuwa dhaifu. Basi mtu asiseme kwamba upweke ni jambo la hisia tu. Mwandishi wa kitabu cha Mwanzo alikwisha kusema kwamba si vema mtu awe peke yake. Wataalamu wamepima jinsi isivyo vema.

Fahari yetu inayohojiwa

Katika taarifa nzima liko jambo moja ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita haraka. Katika nchi zenye kipato cha chini watu wapatao asilimia 24 walisema kuwa ni wapweke. Katika nchi zenye kipato cha juu walikuwa kama asilimia 11. Yaani wapweke wetu, kwa kulinganisha, ni mara mbili ya wapweke wao.

Sisi tumezoea kusema kinyume. Tangu John Mbiti alipochapisha kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, wanatheolojia wa bara hili tumefundisha kwamba kwetu mtu ni mtu kwa sababu ya watu, na kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Tumelirudia fundisho hilo katika mihadhara, katika semina na katika mahubiri ya Siku ya Familia. Wageni kutoka sharika rafiki za Ulaya wanapotueleza juu ya nyumba zao za kutunzia wazee, sisi hutikisa kichwa kwa huruma na kumshukuru Mungu kwamba hatuko kama wao. Mtu aliyesoma Luka 18 angepaswa kushtushwa na sala ya namna hiyo.

Ni kweli kwamba hesabu kama hizi zina matatizo yake. Neno moja la Kiingereza hutafsiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili chenyewe kina "upweke" na kina "ukiwa", na maneno haya mawili hayana uzito mmoja. Tena mzee wa kwetu akiulizwa na mgeni kama ni mpweke, mara nyingi hujibu kwamba anamshukuru Mungu. Lakini ugumu huo waweza kuificha hali halisi kama uwezavyo kuikuza. Haututoi katika hoja.

Aidha, lipo jambo ambalo hatuhitaji mtaalamu wa Geneva kutuambia. Katika mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia yalihesabiwa kuwa ushahidi. Wengi wa waliouawa walikuwa wajane, maskini, wasiokuwa na mtu wa kusimama mlangoni na kusema, "Huyu ni mama yangu." Taarifa inaeleza jinsi kutengwa kunavyoua kwa kupitia moyo na mishipa ya damu. Kwetu ipo njia iliyo fupi zaidi, nayo ni panga. Hata lugha yetu ilitangulia kumtenga mwanamke huyo: mwenzake mwenye mali na watoto wenye kazi huitwa "mzee", naye huitwa "kikongwe", akawekwa katika ngeli ya vitu. Magazeti yaliandika "mauaji ya vikongwe", na sisi wachungaji tukalichukua neno hilo mimbarani bila kulitafakari.

Kwa hiyo katika jambo hili taarifa inastahili shukrani. Imetunyang'anya fahari ambayo haikuwa na msingi wa kutosha. Kwamba tunayo mapokeo mema ya kuwaheshimu wazee ni kweli. Kwamba mapokeo hayo yanaendelea kufanya kazi yenyewe, pasipo mtu kuyatunza, si kweli. Watoto wetu bado wanasema shikamoo, lakini mara nyingi wakisha kuitikiwa wanapita.

Upungufu wa taarifa

Sasa tuje kwenye upungufu. Taarifa inayapima mahusiano kwa mambo matatu: idadi yake, ubora wake, na jinsi yanavyotimiza mahitaji ya mtu. Vipimo hivi vina faida. Lakini tazama mtu anayepimwa amewekwa wapi. Amewekwa katikati, na mahusiano yanamzunguka yakimletea kitu. Swali linaloulizwa kwa mkazo ni: anapata nini? Swali la pili, yaani nani anapata nini kutoka kwake, halipewi uzito ule ule.

Ajabu ni kwamba Shirika hilo hilo lilikwisha kusema vizuri zaidi. Mwaka 2015, katika taarifa yake juu ya uzee na afya, lilieleza kwamba kuzeeka vema si kukosa maradhi, bali ni kuwa na uwezo wa kufanya yale ambayo mtu anayathamini. Uwezo huo liliugawa sehemu tano: kukidhi mahitaji ya msingi, kujifunza, kukua na kufanya maamuzi, kwenda huku na huku, kujenga na kudumisha mahusiano, na kuchangia katika jamii. Mwongo wa Kuzeeka kwa Afya uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, wa 2021 hadi 2030, umesimama juu ya msingi huo. Kwa maoni yangu sehemu ya nne na ya tano haziwezi kutenganishwa. Mtu hudumisha mahusiano kwa kuchangia, na hupoteza mahusiano siku anapoambiwa kwamba mchango wake hauhitajiki tena. Taarifa ya 2025 imeichukua sehemu ya nne ikaifanya somo lake lote, na ya tano ikaiacha nyuma. Hapo ndipo ilipopungukiwa.

Upungufu wa pili ni wa kitheolojia. Taarifa inayatetea mahusiano kwa sababu yanaleta afya. Ni haki yake, maana ni taarifa ya watu wa afya. Lakini kanisa likiichukua hoja hiyo kama ilivyo, litajikuta linampenda bibi kwa ajili ya moyo wake usipatwe na kiharusi. Jirani hakuwekwa na Mungu ili awe dawa yangu. Nikimtembelea mtu kama nimezavyo kidonge, yeye mwenyewe atajua, nami nitachoka mapema.

Naomi, au upweke katikati ya upendo

Kitabu cha Ruthu chaweza kutusaidia kuuona upungufu huu. Tumezoea kukisoma kama kitabu cha uaminifu wa mkwe. Na tukisome mara moja kama kitabu cha mwanamke mzee.

Naomi anarudi Bethlehemu pamoja na Ruthu. Wanawake wa mji wanamlaki, naye anawaambia kwamba aliondoka akiwa na vingi, na BWANA amemrudisha mtupu (1:19-21). Maneno hayo anayasema Ruthu akiwa amesimama kando yake! Ruthu amekwisha kuapa kwamba hata mauti haitawatenganisha. Kwa vipimo vya tume, Naomi hakutengwa: ana mtu wa kuishi naye, na mahusiano hayo ni ya ubora usio na kifani. Bado anajiona mtupu. Tena katika sura ya pili Ruthu anamletea shayiri na chakula kilichobaki (2:17-18). Mahitaji yanatimizwa. Je, hapo ndipo Naomi anapopona? Hapana, ingawa hapo ndipo anapoanza.

Badiliko linakuja Naomi anapogundua kwamba yeye anajua jambo ambalo Ruthu halijui. Anamjua Boazi ni nani katika ukoo (2:20). Anaijua desturi ya watu wake. Sura ya tatu inafunguliwa na Naomi akisema na kupanga. Yule aliyekuwa mtupu sasa ni mshauri, na kijana anafanya yote aliyomwagiza. Na mwisho wa kitabu hauonyeshi Naomi akihudumiwa. Anamchukua mtoto, anamweka kifuani, anakuwa mlezi wake (4:16). Majirani, si baba wala mama, ndio wanaompa mtoto jina, wakisema kwamba Naomi amezaliwa mwana. Mikono iliyorudi mitupu ina kazi. Na kazi hiyo si ya kumpumbaza mzee ili siku ziende. Mtoto huyo ni Obedi, babu yake Daudi.

Utaratibu huo huo tunauona msalabani. Katika Yohana 19:26-27 tumezoea kusema kwamba Yesu alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ili atunzwe. Ni sawa, lakini tazama ni nani anayesemeshwa kwanza. Kwanza ni mama, naye anapewa mwana. Kisha ndipo mwanafunzi anapewa mama. Kabla hajawa mtu wa kutunzwa, amekabidhiwa mtu.

Siku ya tatu

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa kuonyesha kwamba jamii ya jadi haikufuga uvivu. Nadhani methali ina upande wa pili. Jembe halimwondolei mgeni raha yake tu, linamwondolea ugeni. Siku mbili za kwanza anakaa kitini, analetewa maji ya kunawa, haulizwi neno. Siku ya tatu anapewa jembe, na tangu hapo ni mtu wa nyumba ile. Anaweza kuudhika, kutania, kuulizwa shauri. Mtu asiyepewa jembe kamwe hubaki mgeni daima, hata akipendwa.

Hiyo ndiyo hali ya wazee wengi wanaochukuliwa na watoto wao kutoka kijijini kwenda mjini. Wanachukuliwa kwa upendo, na mimi siwalaumu watoto hao. Wanapewa chumba, godoro zuri, dawa za shinikizo la damu kwa wakati, na televisheni. Geti limefungwa. Binti wa kazi anapika, na bibi akisogea jikoni anaambiwa, "Bibi, pumzika." Baada ya miezi michache anaomba kurudi kwake, kwenye nyumba inayovuja, na watoto wanashangaa amekosa nini. Amekosa jembe. Kule anakotaka kurudi kuna kuku wanaomngojea asubuhi, na jirani ambaye humwazima chumvi.

Chumvi hiyo inastahili kufikiriwa. Mwaka 2003 huko Nshamba, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ulianzishwa mradi uitwao Kwa Wazee, ambao uliwapa wazee maskini pensheni ndogo ya kila mwezi. Wengi wao walikuwa bibi waliokuwa wakilea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI. Taarifa ya utafiti juu ya mradi huo, iliyotolewa mwaka 2008, ilipewa jina linalotaja vitu vitatu: chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Nimelitafakari jina hilo mara nyingi. Chumvi ndicho kitu ambacho majirani huombana kila siku. Lakini anayeomba chumvi leo lazima aweze kuombwa chumvi kesho. Asiyeweza huona haya, akaacha kwenda kwa jirani. Sabuni nayo ndiyo inayomwezesha mtu kuketi karibu na wenzake kanisani bila aibu. Kwa hiyo fedha ile ndogo haikununua mahitaji tu; ilinunua njia ya kwenda kwa jirani. Serikali ya Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi, watu wengi waliona kwamba kiasi hicho ni kidogo mno. Kwa mahitaji ya mwezi ni kidogo. Kwa mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuweka mkononi mwa mjukuu, si kidogo.

Sharika zetu

Hapa hatuna budi kugeuza kidole. Katika jumuiya zetu ibada huzunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba ya mzee anayeishi peke yake mara nyingi hurukwa. Hairukwi kwa chuki, hurukwa kwa neno la upole: "Tusimsumbue." Hana viti vya kutosha, hana chai ya kuwapa watu, tusimsumbue. Vivyo hivyo katika uchaguzi wa wazee wa kanisa: cheo kina jina la uzee, lakini aliyezeeka kweli huambiwa apumzike. Katika kwaya, katika kamati, katika maandalizi ya sikukuu, tusimsumbue. Na mtu asiyesumbuliwa na yeyote kwa jambo lolote, huyo ndiye mpweke.

Hali kadhalika bahasha. Mzee ambaye bahasha yake ya ahadi imekaa tupu miezi mingi huanza kukaa kiti cha nyuma, kisha hukaa nyumbani. Sisi huandika kwamba amedhoofika kiafya.

Nami nina kosa langu la kukiri. Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji nilikwenda kumpelekea Chakula cha Bwana mama mmoja mzee ambaye miguu yake haikuweza tena kumfikisha kanisani. Tulipomaliza aliingia ndani akatoka na mayai matatu katika bakuli, akanipa yawe sadaka yake. Niliitazama nyumba yake, nikamrudishia, nikamwambia ayale yeye apate nguvu. Nilidhani nimetenda kwa huruma. Aliniuliza kwa upole kama sasa amekwisha kutolewa katika hesabu ya watu wanaotoa sadaka. Sikuwa na jibu. Mayai yale yangefika kanisani Jumapili, yangenadiwa nje baada ya ibada pamoja na ndizi na kuku za wengine, na jina lake lingetajwa mbele ya ndugu zake. Mimi, mtumishi wa Neno, nilimkatia njia hiyo. Nilimpa Sakramenti, kisha nikamtendea kama mgeni.

Kanisa la kwanza lilijua zaidi. Katika 1 Timotheo 5:9 mjane anaandikwa katika orodha akiwa na miaka isiyopungua sitini, umri ule ule ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliutumia kuuhesabu uzee. Wafafanuzi wanabishana kama orodha hiyo ilikuwa ya msaada au ya huduma. Labda ubishi huo unatokana na sisi kutenganisha mambo ambayo wao hawakuyatenganisha. Mjane yule aliyeachwa peke yake hudumu katika kuomba mchana na usiku (5:5); kanisa linamlisha, naye analiombea kanisa. Ana binti Fanueli, katika Luka 2, hakuwa tu bibi aliyekaa hekaluni. Alikuwa akisema habari za mtoto kwa wote waliokuwa wakingojea.

Pingamizi na jibu

Msomaji Mlutheri atauliza swali la haki. Je, hatujaingiza matendo kwa mlango wa nyuma? Tukisema kwamba mzee hupona kwa kuhitajiwa, tutasema nini juu ya yule asiyeweza kufanya lolote, aliyelala kitandani, au ambaye ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya hata majina ya watoto wake? Je, yeye hana thamani?

Swali hili ni zito, na lisipojibiwa hoja yetu itakuwa sheria mpya juu ya mabega yaliyochoka. Jibu ni lile la siku zote: mbele za Mungu hakuna jembe linalohesabiwa. Mtu huhesabiwa haki kwa neema, bure, na mzee asiyeweza kuinua mkono anasimama pale pale aliposimama siku ya ubatizo wake. Lakini Luther alifundisha pia kwamba Mungu hahitaji matendo yetu. Jirani ndiye anayeyahitaji. Jembe si bei ya kiti mezani. Hupewa mtu ambaye kiti chake kimekwisha kuwa chake. Kosa letu si kwamba tumewadai wazee matendo. Ni kwamba tumewanyima majirani zao.

Na kwa yule ambaye hawezi kabisa, tunayo Yohana 21:18-19. Petro anaambiwa kwamba atakapokuwa mzee atanyosha mikono, mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mwinjilisti anaongeza kwamba hata hilo litamtukuza Mungu. Kuchukuliwa nako ni sehemu ya kumfuata Kristo. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akifafanua amri ya kuwaheshimu wazazi, Luther alisema kwamba heshima ni jambo kubwa kuliko upendo, na kwamba wazazi wanaidai hata wakiwa maskini, dhaifu na wenye tabia ngumu. Upendo wetu wa leo kwa wazee mara nyingi ni huruma. Huruma hutazama chini. Heshima hutazama juu, na humwendea mtu ikitarajia kupokea kitu.

Ndiyo sababu katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, Luther alipozihesabu njia ambazo Injili hutujia, baada ya mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na ufunguo wa maondoleo, aliweka pia mazungumzo na faraja ambayo ndugu hupeana wao kwa wao. Hupeana. Ikiwa mmoja hutoa daima na mwingine hupokea daima, bado hatujaifikia njia hiyo ya tano.

Hitimisho

Taarifa ya 2025 isomwe katika vyuo vyetu, kwa sababu imeweka wazi jeraha ambalo tulilifunika kwa fahari. Lakini isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na ile ya 2015, na zote mbili pamoja na Naomi.

Napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji bajeti. Kwanza, jumuiya isiruke nyumba ya mzee. Waende na viti vyao na chai yao, lakini yeye ndiye achague wimbo na kufunga kwa sala. Pili, wanafunzi wa kipaimara wapewe kila mmoja mzee wake, si wa kumtembelea tu bali wa kujifunza kwake: usharika ulianzaje, nani aliubeba mchanga wa kujengea kanisa, alisali nini siku ya njaa. Tuliona kwamba vijana nao ni wapweke. Basi wapweke wawili wasiachwe kila mmoja chumbani mwake. Tatu, mchungaji anayepeleka Chakula cha Bwana nyumbani asiondoke bila kuuliza kama kuna sadaka ya kupeleka kanisani na jina la mtu wa kuombewa. Kisha sadaka hiyo, hata ikiwa ni mayai matatu, ipelekwe na itajwe.

Mwanachuo anayesoma makala haya atapangiwa usharika baada ya miaka michache. Atakabidhiwa orodha ya wazee na wagonjwa. Asiisome kama orodha ya watu anaokwenda kuwapa tu. Katika kila nyumba aingie akiwa na haja ya kweli, kama kijana asiyeijua njia ya ukoo ule, aketi, akauombe ushauri. Mama yule wa mayai amekwisha kulala katika Bwana, nami sina namna ya kuyapokea tena. Lakini wako wengine, na bakuli zao ziko tayari.